Ushauri kwa Kaka Anayetaka Kununua Upanga wa Kijapani

Kiruruma, Karagwe
9 Novemba 1947

Kaka yangu mpenzi Rwegasira,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kahawa la ghalani kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri isipokuwa goti, ambalo humuuma siku za kulima na kupona siku za harusi. Senene wameanza kuanguka wiki hii na kila nyumba inanukia kikaango. Ningekuwekea wako, lakini najijua.

Barua yako niliipata Jumapili baada ya misa. Umeeleza kwamba Ta Kashaija, baba yake Kokuberwa, anataka upanga wa Kijapani uwemo katika mahari, na kwamba ule wa kwako huwezi kuutoa kwa sababu uliupata kwa damu, ulipomshinda yule Kapteni wa Kijapani kule Burma. Sasa umempata askari wa zamani hapo mjini anayeuza wa kwake. Ukanituma Omurushaka kwa Ta Apolinary, fundi cherehani, aliyekuwa mtumishi wa ofisa mmoja mpenda panga, nimuulize, mtu asiyewahi kununua upanga aanzie wapi. Uliandika kwa mkono wako kwamba katika mambo ya kununua wewe ni mgeni kabisa, maana wako uliutwaa vitani. Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu.

Nilikwenda Alhamisi. Ta Apolinary unamfahamu, swali dogo kwake ni mkutano wa hadhara. Alifunga cherehani, akamwambia mteja aliyekuwa akingoja suruali yake aendelee kungoja, na mteja akaendelea, amejifunga shuka. Kwa kuwa fundi hana upanga, alichukua yadi yake ya mbao ya kupimia nguo, akainama mbele yake kwa heshima, kisha akabana kipande cha jani kavu la mgomba katikati ya midomo. Baadaye alieleza kwamba Wajapani hawapumulii chuma, kwa sababu pumzi ina maji na maji huzaa kutu. Lakini hayo alieleza baadaye. Kwanza nilifundishwa robo saa nzima na mtu aliyefumba mdomo, akinionyesha yadi kwa macho na nyusi, nami naitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Alipotoa jani, alisema mgeni hukimbilia ala na mpini. Akiona kamba zimesukwa vizuri, anatoa ng'ombe. Alisema huko ni kuposa binti kwa sababu ya gauni lake, kwani ala na mpini hubadilishwa wakati wowote, na unachonunua ni chuma. Alisema pia kwamba wakati wa vita viwanda vyao vilifyatua panga za maofisa kama majembe, nyingine zimegongwa namba kabisa, na mwuzaji atakuapia kwamba ni za babu wa mfalme. Uupeleke mwangani. Karibu na makali uone ukungu mweupe, usiolingana, kama ule wa bondeni asubuhi. Ukiona mstari umenyooka mno na umefifia sawasawa kote, huo umepakwa dawa, na chuma hicho hakikuwahi kuiva. Pengo dogo unaweza kulisamehe, lakini ufa mwembamba kama unywele uliofika kwenye makali ni kifo. Usipitishe kidole, usiunoe kwenye jiwe, na usiujaribu kwenye mgomba. Hilo la mgomba alilisema akinitazama, au mimi ndiye niliyedhani hivyo.

Kuhusu jina la fundi aliyeufua upanga, linalochongwa kwenye chuma ndani ya mpini, alisema usilipie jina. Wajapani wenyewe wameghushi majina ya mafundi wakubwa tangu enzi za mababu zao. Penda chuma kwanza, na jina likiwapo lichukue kama nyongeza. Na kabla ya kununua mmoja, utazame ishirini. Nilimuuliza ishirini ataziona wapi mtu wa Bukoba, akajibu kwamba hilo si swali la fundi cherehani.

Mwisho akafika kwenye msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Alisema hapo ndipo ukweli wote ulipo. Unachomoa kijiti cha mwanzi, unavua mpini, unaangalia kutu. Kutu nyeusi kama chungu cha zamani ndiyo cheti cha ubatizo cha upanga, na kutu nyekundu ni ujana au uongo. Kisha akaweka yadi chini, akasema kwa sauti ya padri kwamba mtu anayeisugua kutu ile ameuua upanga, na hakuna ajuaye panga atakayeupokea tena hata bure. Akaniuliza mbona natoka jasho. Nikasema njia ilikuwa ndefu.

Kaka, kaa chini.

Muhoro wetu wa shambani, ule mundu wa kukatia migomba, ulivunjika siku za Pasaka. Migomba ya mama ilikuwa imezongwa na majani makavu hata jua halipiti, na upanga wako ulikuwa umening'inia ukutani ukila kivuli. Nilisema nitautumia siku moja tu. Nimeutumia miezi saba. Unakata shina la mgomba hata mgomba wenyewe haujui umekatwa. Mwezi wa nane mpini ukaanza kucheza, nikauvua ili niukaze, nikakuta msuka mweusi. Unajua tulivyolelewa na mama, kwamba chuma chenye kutu ni aibu ya nyumba. Nikachukua mchanga na jivu la maganda ya ndizi, nikasugua mpaka alasiri. Palikuwa na vijistari kama nyayo za kuku, nikadhani ni uchafu ulioganda, navyo nikavisugua. Sasa msuka unang'aa kama kalisi ya misa. Nimekosa, kaka, na naona aibu kweli. Sikujua.

Ningeishia hapo na kungoja matusi yako, kama isingekuwa karatasi. Ilikuwa imeviringishwa kwenye msuka ili mpini ubane. Imeandikwa kwa Kiswahili, kwamba koplo fulani amempa Rwegasira wa Kiruruma upanga mmoja wa Kijapani, naye amepokea kwake saa moja ya mfukoni na blanketi mbili, kwa hiari ya wote, bila ugomvi. Chini ipo sahihi yako, yenye mkia mrefu uliojifunzia shuleni.

Bila ugomvi, kaka! Mwaka mzima na zaidi tumesimuliwa Kapteni alivyoruka kutoka kwenye mianzi, akakupiga kifuani, na saa ya marehemu baba ikapokea pigo ikavunjika badala yako. Mama alitoa sadaka ya misa kwa ajili ya saa ile. Kwa hiyo usiniambie kwamba katika kununua wewe ni mgeni. Wewe ni mteja wa zamani.

Sasa sikiliza linaloninyima raha. Mama alinikuta na karatasi mkononi akauliza ni nini. Kwa kuwa hajui kusoma, nilisema lililonijia kwanza, kwamba ni sala ya yule Kapteni. Akaichukua, akaiweka kwenye kitabu chake cha sala, na kila jioni baada ya rozari anaishika na kumwombea Kapteni, maana anasema naye alikuwa na mama. Juzi ametangaza kwamba siku ya kupeleka mahari, tarehe 29, ataibeba ili Ta Kashaija aisome mbele ya wazee. Nilimwambia ni Kijapani hicho. Akasema mtu kama Ta Kashaija, aliyekuwa karani wa baraza, hashindwi na karatasi.

Naweza kuichoma, lakini nikiichoma nitakuwa nimemdanganya mama mara mbili kwa ajili yako, na ya kwanza tu bado inanikaa kooni. Najua unachoogopa. Ta Kashaija alimkataa kijana mwenye ng'ombe wengi akakukubali wewe kwa sababu ya Kapteni. Lakini kaka, sisi tulipokuwa tukipiga magoti miaka ile yote, tulimwombea Rwegasira arudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba Kapteni afe. Ungerudi na blanketi moja iliyotoboka, tungefurahi vilevile.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Siku ile ya kuvua mpini sikuwa peke yangu. Kokuberwa alikuja kunisaidia kuanika kahawa, yeye alishika mpini nami nikavuta, na karatasi ilipoanguka aliisoma kabla yangu, maana anasoma haraka. Nilijua harusi imekwisha. Akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia. Alisema tangu aliposimuliwa habari za Kapteni, kila ulipofika kwao aliitazama mikono yako na chakula kikamkwama. Alikubali kwa sababu baba yake alikubali. Sasa, anasema, anakutaka mwenyewe. Ila anataka kuyasikia kutoka kinywani mwako, na tangu mwezi wa nane anangoja, nawe humwandikii ila habari za vita. Atangoja mpaka asubuhi ya tarehe 29. Baba yake akiyasikia kwenye karatasi kabla yeye hajayasikia kwako, Kokuberwa mwenyewe atasimama mbele ya wazee na kuwafungulia ng'ombe zetu kwa mkono wake, awarudishe mpaka njiani.

Kwa hiyo usinunue upanga wowote. Panda basi, njoo.

Mama anakusalimu na kukubariki, jirani zetu wote wanauliza habari zako, nami nakuombea safari njema. Wasalimie wenzako wa ghalani.

Mdogo wako anayekupenda hivyo hivyo ulivyo,

Deodatha