Siku Niliyoona Maruweruwe

Nyamirambo, Kigali

Keza wangu,

Barua yako nimeisoma polepole, mlangoni penye mwanga. Sisi wazima. Mdogo wako meno ya mbele yamemng'oka, anacheka akiziba mdomo.

Unauliza maruweruwe ni nini. Ni pale macho yasipokamata kitu sawasawa: mtu yupo mbele yako, sura yake huipati. Mimi niliyaona siku ya kuposwa kwangu, mwaka wa tisini na moja, katika ua huu huu.

Shangazi yangu alinivua miwani. "Bibi harusi na vioo usoni? Hapana bwana!"

Nikaitwa nje nimkumbatie mchumba wangu mbele ya wazee, kama desturi yetu. Vijana watano walisimama, wote wamejifunga mishanana, zile shuka nyeupe za begani. Nikamkumbatia rafiki yake.

Baba akainamisha kichwa. Basi babu yako akamwendea shangazi, akaomba miwani, akaifuta kwa pindo la shuka yake, akanivisha mwenyewe.

"Nitazame vizuri kwanza," akaninong'oneza. "Ukiona sikufai, sema sasa hivi."

Nikamtazama, nikacheka. Wazee nao wakacheka.

Ya miaka iliyofuata siandiki. Siku hizi hata kwa miwani naona maruweruwe tu, Keza. Lakini nikifumba macho, babu yako namwona wazi kabisa, bado ameshika lile pindo, anafuta.

Bibi yako akupendaye