Jiwe Linalovuka Ukuta

Papa wangu,

Simu yako haijaita tangu uvuke mpaka kwenda kuangalia shamba letu kule kwetu Kongo, Fizi, na huu ni mwaka wa pili. Sijui barua niitume wapi. Nitaibandika mahali pa wazi, labda msafiri wa njia hiyo ataisoma akufikishie.

Nimepata kazi ya ukarani Mbarara, ndani ya ile nyumba ya mawe aliyoijenga Mwingereza zamani, uliyoikarabati nilipokuwa darasa la sita. Meza yangu inatazama sehemu ya kuotea moto. Unakumbuka ulivyoingiza kichwa kwenye dohani, ukatoka na masizi puani?

"Huyu muzungu alikuwa peke yake sana," ulisema. "Hii fasi ya hapa haina baridi, yeye anajenga moto. Mutu akikumbuka kwao, anajenga kwao."

Siku ile nilicheka. Sasa wenzangu wakishaondoka jioni, nabaki nikiutazama moto ambao hakuna anayeuwasha.

Ulinionyesha kwamba kila ukuta pale ni kuta mbili zilizopeana migongo, katikati kokoto na chokaa, na kinachozishika ni mawe marefu yanayovuka kutoka nje hadi ndani. Ulisimama nje na nyundo, mimi ndani, kiganja kwenye jiwe. Ukagonga mara moja.

"Imefika?"

"Imefika, papa."

"Basi iko nzima. Twende ingine."

Uliporudi kambini kwetu Nakivale uliinua nyumba yetu ya matofali ya udongo, na chini ya kila kizingiti cha dirisha ukachonga mfereji kama wa Mwingereza, maji yadondoke mbali na ukuta. Jirani yetu Mama Furaha alikutania: "Mwashi, hata mvua unaitengenezea barabara? Utaiomba na karatasi ya kupita?" Baada ya mvua ya kwanza alikuja na ndizi, akuombe umchongee na yeye.

Papa, naogopa. Mkubwa wa ofisi anataka nyumba ibomolewe, pajengwe maduka. Zamani alikuwa askari kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, ndiyo maana huongea nasi Kiswahili. Jumatatu alinipa taarifa ya hali ya jengo niichape, kwa sababu ukuta wa nyuma una ufa.

"Andika ukuta imeoza, inaanguka."

"Mkubwa, hakuna fundi aliyeupima."

"Wewe Mukongo, kwani hii nyumba ni ya baba yako?"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi niliinamia karatasi. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na akinifukuza narudi Nakivale, kwenye ile nyumba uliyoifunga kwa kufuli ulipoondoka.

Siku mbili sikuchapa kitu. Nilikwangua ule ufa kwa msumari, nikaona ni wa plasta ya simenti iliyopakwa baada yako. Lakini mawe nisingeweza kuyapima peke yangu, kwa hiyo jana mchana nilimwomba mlinzi wa lango, mzee wa Biharwe, anisaidie.

"Binti, mimi nalinda nyumba, sipigi nyumba," alisema, huku akichukua nyundo.

Alinigongea mawe saba. Yote yalifika. Kwenye la saba niliacha kiganja pale hata baada ya kumsikia akirudi langoni. Muda mrefu hakuna mtu aliyenigongea kitu kutoka upande wa pili.

Nimechapa hivi: ufa ni wa plasta, mawe yaliyogongwa ni mazima, aitwe mwashi kabla ya kubomoa chochote. Chini nimeweka jina langu lote, na lako limo ndani yake. Asubuhi hii nimeiacha mezani kwake. Ameshaisoma, na ameagiza niingie kwake saa nane. Sasa ni saa saba na nusu. Naandika haraka, samahani kwa mwandiko.

Kama kuna anayekusomea haya huko, mwambie anyamaze kidogo, uweke kiganja juu ya karatasi hii.

Nimegonga, papa. Imefika?

Mimi binti yako,
niliye upande wa ndani