Kopo Halijafunguliwa, Majibu Yapo

Warda shoga yangu, nimejifungia chooni hapa maabara. Nacheka peke yangu.

Unaukumbuka ule unga wa mwamba nilikwambia tumeletewa? Majibu yake ya kweli yako kwenye cheti kilichokuja nao. Kila maabara inaupima, kisha tunalinganisha na cheti kuona kama tunapima sawasawa.

Leo wakaguzi wamekuja. Bosi Thadei kasimama, kifua mbele: "Kiwango cha chokaa tulichopima kwenye unga ule kimelingana na cheti hadi desimali ya mwisho!"

Hadi desimali ya mwisho, Warda! Mwamba wenyewe ukijipima haupati hivyo.

Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, akasema taratibu: "Hongereni. Naomba nilione kopo la unga."

Kopo likaletwa. Lakiri ya kiwandani kwenye kifuniko haijaguswa. Nasema HAIJAGUSWA!

Bosi kanigeukia: "Hamisa, si wewe uliyepima?"

Yaani kibarua changu ndicho kiote nyasi! Nikamwambia mbele za watu: "Mimi sijapima, bosi. Labda wewe uliupima kwa macho, cheti kikiwa mkononi."

Wakaguzi wameenda kula. Sasa hivi bosi kanitumia ujumbe: "Hamisa mdogo wangu, njoo na kisu tulifungue kopo kabla hawajarudi."

Mdogo wake tangu lini? Na lakiri si wameshaiona? Kisu sina. Natoka humu, naenda kumwonyesha yule mama mkaguzi huo ujumbe.