Ubwabwa wa Mzee Masanja

Shangazi Zuhura, shikamoo! Huku Kamsamba jua linaunguza mpaka kivulini.

Chuo na kampuni ya mitambo wametuleta kujaribu gesi ya mavi ya ng'ombe. Mtambo tumeujenga kwa Mzee Masanja, mfugaji ambaye majirani wote humfuata. Jana, mbele yao, akagoma: "Chakula cha mavi sili!" Fundi wetu akaanza kukusanya vifaa turudi Mbeya.

Mkewe, Mama Sayi, akanikonyeza. Akawasha kuni uani na kubandika maji matupu, kisha ubwabwa na samaki akavipika ndani kwa gesi. Mzee akala, akaongezewa, akatucheka: "Mmeonja utamu wa kuni?" Nilikohoa hadi machozi nikificha kicheko.

"Baba Sayi," mkewe akasema, "kuni zimechemsha maji tu."

Mzee akaitazama sahani, akaikwangua, akasema, "Basi kumbe ng'ombe wangu wana utamu mpaka mavi!" Leo majirani wanataka mitambo, naye anawafundisha kuwasha jiko kama aliyeligundua yeye.

Mungu akupunguzie maumivu ya magoti, shangazi. Mama usimwambie kwamba nami niliongezewa huo ubwabwa wa mavi.

Mwanao, Mwanaidi