Kikasha cha Bunduki ya Baba

Ulyankulu, Jumapili

Kaka Amon,

Shikamoo. Mvua imechelewa, miche ya tumbaku inakauka kitaluni, na asali ninayokutumia kwa basi ni ya mzinga mmoja tu. Mingine nyuki wamehama.

Juzi kwenye simu ulinifokea kwamba nimeiharibu bunduki ya Baba. Sikukujibu kwa sababu Baba mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Ile bunduki ilikuwa inajazwa risasi kwa juu, moja moja, nazo zinakaa humo humo. Fundi mwenye kibali kule Tabora mjini akaifungia magazini, kikasha cha risasi kinachochomolewa. Wewe unadhani nilitaka Baba apige haraka. Kaka, Baba hawindi tena. Mwezi uliopita Mama alirudi na kuni, Baba akamwelekezea mtutu akimwita fisi.

Kumnyang'anya nilishindwa. Hapa kwetu mwindaji akipokonywa bunduki anahesabiwa amekwisha kufa. Basi bunduki inalala naye kama zamani, na kikasha nakifunga kwenye kanga, naenda nacho shambani, naenda nacho kanisani. Nimechoka.

Nilidhani hajui. Leo asubuhi nikapitiwa, nikakiacha kwenye bunduki. Katikati ya ibada nikamwona Baba anaingia na fimbo yake, yeye ambaye hajakanyaga kanisani tangu Pasaka. Akaniwekea kikasha mapajani, amekifunga kwenye leso, akaninong'oneza, "Umekisahau, mwanangu. Usinifanyie hivyo tena."

Njoo, kaka, angali anatujua.

Mdogo wako,
Recheli