Ng'ombe wa Atem

Section 58, Nakuru
14 Mei 2023

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limepata nafuu na mvua ya Ndabibi haijaozesha maharagwe. Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Atem. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Ulinionya kwamba shemeji angekuja kunirithi. Kuol amefika kutoka Bor, kwao Sudan Kusini. Ni mrefu kama marehemu kaka yake. Aligonga kichwa mlangoni, na jirani yangu Akoth akamwambia, mzee, hapa Nakuru tunainama. Kuol alicheka mpaka akakaa chini.

Hakuja kunichukua, Mama. Nilipomwuliza waziwazi aliona haya, akasema ana mke Bor, na kelele za huyo mmoja zinamtosha. Alinieleza kwamba kwao Wadinka mtu akifa ndugu zake hulishikilia jina lake. Mahari isipotolewa, mtoto huhesabiwa wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo amekuja kutoa ng'ombe kwa niaba ya Atem, niwe mke wa marehemu hata sasa.

Unakumbuka siku ile Naivasha, Atem alipoinua mikono kama pembe akimwimbia yule tai wa ziwani, na vijana wakamwuliza, boss, unasimamisha ndege? Ulidhani amelewa. Kumbe kijana wa kwao hupewa ng'ombe dume wake, akamwimbia maisha yote. Wa Atem alikuwa mweusi, kichwa cheupe, kama tai yule. Alikuwa amekumbuka nyumbani. Jana Kuol aliuimba wimbo huo akiosha vikombe, nikatoka nje kwanza.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Nina mimba, Mama. Ni ya Atem. Alijua kabla hajafa. Aliweka sikio tumboni wakati hakukuwa na cha kusikia. Usikasirike kwamba Kuol amejua kabla yako.

Ulikataa ng'ombe wa Atem akiwa hai ukihofia nitapelekwa mbali. Sitapelekwa, Kuol ameapa mbele ya Akoth. Jumamosi atafika kwako na ng'ombe aliowanunua huko huko Naivasha. Ukiwapokea, mtoto atazaliwa ana baba. Ukiwarudisha sitakulaumu, lakini Atem atakuwa ameisha kabisa.

Nisalimie Baba mdogo Sitati na wote hapo nyumbani. Ukisali jioni unikumbuke, na huyu aliye tumboni umtaje pamoja nami.

Ni mimi binti yako,
Mercyline