Jioni Uliyokwenda Kumtunza Mwimbaji

Baba Glory, mume wangu,

Watu bado wananisimulia kisa chako kana kwamba mimi sikuwepo. Juzi dalali mmoja wa mtaa wetu aliingia dukani hapa Kariakoo, akaegemea majora ya vitenge, akaanza: "Shem, namkumbuka mzee alivyopanda jukwaani kule Posta, kaimba na mavayolini! Mzee alikuwa noma." Nikacheka kwa adabu. Hakununua kitu, akaondoka. Mimi nikabaki na hasira zangu, na ndizo zilizonikalisha kukuandikia. Naandika wazi, asome atakaye, maana nimechoka kuwa mjane wa kisa cha kuchekesha.

Sauti ulikuwa nayo, sikatai. Jumamosi uko dansini unaimbia watu masikioni, Jumapili uko kwenye kwaya ya usharika, besi, mstari wa nyuma, macho mekundu, unamwimbia Mungu kama mtu aliyelala mapema. Mimi mwenyewe ulinipata kwa sauti. Nilikuwa napita na dada yangu tukitafuta vitenge vya sare ya harusi, ukatuita kutoka ndani ya duka: "Shemeji zangu, mnapita kama hamna ndugu?" Dada akaniambia nisigeuke. Niligeuka.

Sauti ilipoanza kukwaruza tulilaumu vumbi la Kariakoo. Ukatafuna tangawizi, ukanywa asali na ndimu, ukafunga skafu shingoni kwenye joto lote hili la Dar, nami nikakutania kwamba umekuwa bwana harusi. Siku daktari alipotuambia ni uvimbe, na kwamba dawa yake ni kutoa koromeo lote upumulie tundu la shingoni, tulikaa kwenye benchi la hospitali. Halafu ukanishika mkono. "Basi, watoe. Nitakuwa naandika." Nikakwambia mwandiko wako hata wewe mwenyewe huusomi. Tulicheka mpaka nesi akatugeukia. Jioni ile niliamini utapona.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Glory, mwanetu, akaja na tiketi za onyesho la Jumamosi jioni. Okestra nzima, vayolini na selo na matarumbeta, wakipiga nyimbo za mapenzi za zamani, na mwimbaji mgeni ni yule mama wa dansi ambaye nyimbo zake tulizicheza ujanani. Mtoto alitaka uiage sauti yako vizuri. Hakuwa na nia nyingine.

Ulivaa suti ya Krismasi. Ukumbi ulikuwa na baridi, watu wamekaa kama wako ibadani, kila mtu mikono mapajani. Ulijigeuzageuza kwenye kiti, mwishowe ukaninong'oneza, "Mbona hawachezi?"

"Huku hawachezi, wanasikiliza."

"Sasa mwimbaji atajuaje kama wamempenda?"

Alipofika kwenye wimbo wa mwanamume anayemsihi mpenzi wake asiondoke, nilikuona unapeleka mkono mfukoni mwa koti. Nikajua. Ulisimama, ukapita katikati ya viti na noti mkononi, ukienda kumtunza mwimbaji kama tulivyokuwa tukifanya dansini. Kijana wa mlangoni akakukimbilia: "Mzee samahani, huku hatufanyi hivyo." Watu wakageuka. Glory akainamisha uso. Lakini yule mama ni mtu wa dansi. Aliiona noti, akakuita kwa kidole. Ukapanda, ukambandika ile noti kwenye paji la uso, na yeye, kama ilivyo ada yao, akakusogezea maikrofoni. Mwongoza okestra alikutazama kidogo, kisha akawaachia wapigaji wake waendelee. Ukaimba kiitikio.

Sikuwahi kukusikia ukiimba vile. Sauti ilikuwa imeparara, ina mchanga ndani yake, na kwa maneno yale ya mtu anayeomba asiachwe, ikawa kama imetengenezwa kwa ajili ya wimbo ule. Ukumbi wote ukasimama. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alikuwa analia. "Huyu baba ana sauti ya kipekee," akaniambia. Kilichomliza ni uvimbe, Baba Glory. Walikuwa wanaushangilia ugonjwa, na hawakujua.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshafunga mfuko wa hospitali: kanga, sabuni, chupa ya chai. Wewe ukaoga, ukavaa shati la kazini.

"Unaenda wapi?"

"Dukani."

"Na daktari?"

"Mama Glory, uliwaona mwenyewe watu walivyosimama. Sauti kama ile mtu anaitoa?"

Nilifoka, nikapiga magoti, nikampigia simu kaka yako aliyeko Moshi. Mchungaji akaja. Wote uliwasikiliza kwa upole, ukawasindikiza mpaka getini, ukarudi ukaniambia, "Bora nife naongea." Neno hilo ndilo sijakusamehe. Kwa sababu hukufa unaongea.

Sauti iliondoka yenyewe kabla masika haijaisha. Wateja wakawa wanakusalimia nawe unaitikia kwa kichwa. Ukabaki na pumzi inayopiga mluzi, nami nalala nikiisikiliza, ikikatika nashtuka. Siku uliponiashiria kwa mkono kwamba sasa uko tayari, twende, nilifurahi kama mjinga. Daktari akaangalia picha, akatuangalia sisi, akasema uvimbe umeshasambaa. Ulisogeza midomo. Sikuelewa ulichosema, na mpaka leo sijui.

Tukakupeleka nyumbani Kilimanjaro, ukazikwa migombani kwa baba yako. Pale msibani msemaji wa ukoo alisimulia habari ya onyesho lako, watu wakacheka na machozi yao, wakapiga makofi tena. Mimi nilikaa chini kwenye mkeka natamani kumnyang'anya kipaza sauti. Glory naye hakucheka. Video ya jioni ile iko kwenye simu yake. Anajifungia chumbani, anaiangalia, kisha anakuja kuniuliza kama ni tiketi zake zilizokuua. Namwambia hapana, baba yako alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe. Ananitazama kama mteja anayejua anauziwa kitenge cha kuchuja.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Mchikichini kumtafutia mjukuu wako viatu vya shule. Kwenye meza moja kulikuwa na mzee amefunga kitambaa cheupe shingoni, na kila akivuta pumzi kile kitambaa kinanyanyuka. Niliganda. Aliniinulia vidole kunitajia bei. Mkewe, aliyekuwa anapiga viatu brashi pembeni, akadakia: "We baba, hiyo bei gani? Mteja wa kwanza huyu!" Mzee akamtolea macho, akapunga mkono, akagonga meza, akajigonga kifua, vidole vinakwenda mbio. Mama naye anamjibu neno moja baada ya jingine, haachi hata moja limpite, mpaka akanigeukia amechoka kabisa.

"Dada, usimsikilize. Ana kelele huyu!"

Nikamuuliza taratibu, "Tangu afanyiwe, mnaongeaje?"

"Kuongea wapi? Tunagombana tu, kama zamani."

Mzee akamfinya mkono, mama akampiga na brashi begani, wakacheka. Mzee alicheka bila sauti yoyote, mabega tu. Nilimwonea wivu yule mama, Baba Glory. Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kupatana bei, nikaviacha viatu mezani nikaenda zangu. Ukumbi mzima ulisimama kukushangilia kwa wimbo mmoja, watu wakarudi makwao. Mimi ningeijua lugha ya vidole vyako vyote.

Lala huko migombani. Bado nimekukasirikia.

Mkeo,
Mama Glory